Mbwa wa kazi na mnyama wa faraja: kamati ya shughuli ichague mpango gani?

Mwaka jana mama mmoja wa kikundi chetu cha akiba alirudishwa mlangoni. Shughuli haikuwa yetu. Ilikuwa ya wenzetu, katika ukumbi wa kukodi hapa Kampala, nasi tulikuwa waalikwa. Askari wa getini alimwambia, "Mama, wewe ingia, mbwa abaki nje." Mama hakubishana. Alijitanda vizuri kitenge chake, akageuka na mbwa wake, wakatembea mpaka barabara kuu. Sisi tuligundua wakati wa chakula, tulipoona kiti chake bado kitupu.

Nimeandaa shughuli za watu wazima kwa miaka mingi: mikutano ya akiba, harusi, maulidi, matanga, masomo ya jioni ya kusoma na kuandika. Siku ile niliona aibu, kwa sababu hata kwetu angerudishwa vilevile. Tulikuwa na mtu wa viti, mtu wa turubai na mtu wa pilau, lakini swali la mnyama halikuwahi kuletwa mezani. Askari yule aliachiwa peke yake uamuzi ambao kamati ilipaswa kuufanya wiki tatu kabla. Tangu hapo nimesoma, nimeuliza wazee na daktari wa mifugo, na tumejaribu mipango kadhaa. Nawawekea hapa tuliyoyaona, na nitasema wazi ninaloliunga mkono.

Wanyama hawa wawili si kitu kimoja

Mbwa wa kazi, ambaye wengine humwita mbwa msaidizi, amefundishwa kazi maalumu kwa ajili ya ulemavu wa mtu fulani. Anamwongoza asiyeona akwepe mtaro, asimame ukingoni mwa barabara. Anamgusa kiziwi kwa pua mtu akibisha hodi. Anamwokotea mwenye kiti cha magurudumu simu iliyoanguka. Anakaa na mwenye kifafa mpaka fahamu zimrudie. Kumwamsha mtu anayeota jinamizi la vita, au kujiweka kati yake na umati unaomsonga, nayo ni kazi ya kufundishwa. Wengi hulikosea hili, wakadhani mbwa wa kazi ni wa vipofu peke yao.

Mnyama wa faraja hakufundishwa kazi ya namna hiyo. Faraja yake ni kuwepo: joto la mwili wake, pumzi yake, mkono wa mwenyewe ukipita juu ya manyoya. Hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye umati unamkaba koo. Lakini mnyama huyo huenda hajawahi kukaa chini ya meza watu mia mbili wakipita, na hapo ndipo tofauti yao inapoigusa kamati.

Sheria ya Marekani imeuchora mstari huu kwa wino mzito. Kanuni zao zilizoanza kutumika Machi 2011 zinamtambua mbwa pekee kuwa mnyama msaidizi wa kuingia sehemu za watu wote (farasi wadogo wana kifungu chao), na mnyama ambaye msaada wake ni kuwepo tu hana haki hiyo. Hata mashirika ya ndege ya huko, ambayo awali yalilazimika kuwabeba wanyama wa faraja, yalifunguliwa kutoka sharti hilo Januari 2021.

| Swali | Mbwa wa kazi | Mnyama wa faraja |
|---|---|---|
| Amefundishwa nini? | Kazi inayohusu ulemavu wa mwenyewe | Adabu tu, tena si wote |
| Akiachwa nje, mwenyewe anapoteza nini? | Macho, masikio au usalama wake | Utulivu. Mwingine atamudu saa moja, mwingine hataufikia hata mlango |
| Amezoea umati na kelele? | Kwa kawaida ndiyo | Mpaka umuulize mwenyewe |
| Taarifa ya mapema? | Inasaidia, lakini asirudishwe akiikosa | Inahitajika |
| Akae wapi? | Miguuni pa mwenyewe, popote mgeni yeyote anapokaa | Pembeni, karibu na njia ya kutokea |

Jedwali hili linatosha kuanzia mazungumzo ya kamati. Halitoshi kumaliza, kwa sababu Uganda mstari ule haukunyooka.

Wale walio katikati

Pale Gulu, kaskazini mwa Uganda, shirika la BIG FIX Uganda lina mradi wa mbwa wa faraja kwa watu walioumizwa na vita vya waasi wa Joseph Kony, vita vilivyoitesa kaskazini kwa karibu miaka 20. Mbwa asiye na kwao anatibiwa na kuchanjwa, kisha anakabidhiwa mtu, na wawili hao wanafundishwa pamoja huku mtu akipata ushauri nasaha na wenzake. Aliyeuongoza mradi huo, Francis Okello Oloya, mwenyewe haoni. Alipofushwa na bomu lililofukiwa shambani akiwa mtoto. Ameeleza kuwa shuleni, usiku, mbwa ndio waliomsindikiza kwenda chooni na kurudi. Mbwa wa namna hiyo utamweka safu gani ya jedwali langu? Anaitwa wa faraja, lakini amepitia mafunzo, na anachomfanyia mtu wake ni zaidi ya kukaa tu.

Naamini wengi watakaokuja getini kwetu watakuwa wa aina hii. Mbwa mwongozaji wa shule maalumu ni nadra hapa. Ufugaji na mafunzo yake ni ghali mno, na asiyeona wetu kwa kawaida hutembea na fimbo nyeupe au mtoto wa ndugu. Ila watu wenye majeraha ya vita tunakaa nao kila Jumamosi. Bombo, tunakofanyia baadhi ya mikutano yetu, iko ndani ya Luwero, na waliopitia vita vya huko vya 1981 hadi 1986 sasa ndio wazee wetu. Kutoka Kongo wamekuja ndugu wengi wanaozungumza Kiswahili. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na Wakongo ni kundi la pili kwa ukubwa baada ya Wasudani Kusini. Mbwa waongozaji wenyewe walianza kwa sababu ya vita: shule ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa askari waliopofushwa. Kwa hiyo anayeniambia hayo ni mambo ya Wazungu, namwambia aangalie nani ameketi kwenye viti vyake vya plastiki.

Sheria nayo haituachi wazi. Katiba ya 1995, ibara ya 35, inampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 ilichukua nafasi ya ile ya 2006. Mwaka 2008 Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara ya 20 ya mkataba huo inazungumzia msaada ulio hai, sambamba na vifaa vya kutembelea. Mbwa hatajwi kwa jina, lakini sioni namna ya kusoma maneno hayo ukamfungia nje mbwa anayemwongoza mtu.

Mipango minne, na tulichokiona katika kila mmoja

Wa kwanza ni kufunga mlango: hakuna mnyama, na asiyeona atapewa kijana wa kumshika mkono. Ni mwepesi kuutangaza, na kwa ukumbi ulio ndani ya eneo la msikiti unaeleweka. Lakini kijana huyo naye ana tumbo. Pilau ikifika yumo kwenye foleni, na mzee amebaki ameketi akisubiri kupelekwa msalani. Kwa mwenye kifafa au mwenye jinamizi la vita, kijana hasaidii kitu. Mpango huu ndio uliomrudisha mama yetu.

Wa pili ni mbwa wa kazi tu. Unampa askari wa getini kanuni fupi ya kushika, na haki ya mwenye ulemavu inalindwa. Kasoro yake ni wale wa katikati niliowataja: mtu anaweza kuwa na mbwa mtulivu kuliko wageni wote, akakataliwa kwa sababu hakujua kusema maneno yanayotakiwa.

Wa tatu ni kufungua kwa wote. Tuliujaribu mara moja, kwenye hafla ya uwanjani. Mbwa wawili wasiojuana walikutana karibu na sufuria za nyama, wakaanza kugombana, na mama mmoja mjamzito akaanguka akikimbia. Hakuumia, alhamdulillah. Mmoja wa mbwa wale alikuwa na kazi kabisa. Bwana wake ana kisukari na macho yake yamefifia. Alipomwondoa pale mbwa alikuwa anatetemeka, na siku nzima hakutulia tena. Wazi kwa wote, mpango huu unamwumiza kwanza yule mwenye haja kubwa zaidi. Siupendekezi.

Wa nne ni kivuli cha pembeni: sehemu ndogo chini ya mti au kwenye kona ya turubai, yenye viti vitatu vinne, ndoo ya maji na njia ya kutokea bila kupita katikati ya watu. Mnyama wa faraja anakaa hapo na mtu wake, na watu wanaomjua wanakaa naye. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayebanwa. Hatari yake ni kwamba pembeni inageuka haraka kuwa nyuma. Ukimweka mtu mahali asikoona jukwaa, ukamletea chakula cha mwisho, umemtenga kwa adabu. Kivuli kiwe ubavuni mwa jukwaa, na mmoja wa kamati akae hapo, ale hapo.

Mimi nimeishia kuchanganya wa pili na wa nne. Mbwa wa kazi anaingia na mtu wake, anakaa naye popote, bila kuomba ruhusa. Mnyama wa faraja anakaribishwa kwa kupiga simu wiki moja kabla, na anatengewa kivuli. Aliye katikati, kama yule wa mama yetu, tunamsikiliza mwenyewe. Akisema mbwa amefundishwa kumfanyia jambo fulani, tunamkubali kuwa wa kazi. Kukosea kwa kumwingiza mtu ni kosa jepesi kuliko kukosea kwa kumrudisha.

Kama ukumbi wenu ni mdogo, wa chumba kimoja kisicho na uwanja, wa nne hauwezekani. Bakini na wa pili, na mwenye mnyama wa faraja mwambieni mapema na kwa upole, asisikie habari mlangoni. Kama shughuli ni ya uwanjani na watu ni wachache wanaojuana, mnaweza kulegeza zaidi.

Najisi na kichaa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vikao vyetu hugawanyika, na wanaogawanyika wote wana hoja.

Wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mbwa kuwa najisi nzito: akilamba chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki hawamwoni mbwa mwenyewe kuwa najisi. Anayekataa kukaa karibu na mbwa kwa sababu ya udhu wake hana chuki na mlemavu. Analinda ibada yake, na kamati haina haki ya kumcheka. Lakini hata kwa Shafii, kilichokauka hakimnajisi kilichokauka. Tatizo ni unyevu: mate, pua, manyoya yaliyolowa. Basi linapangika. Mbwa awe mbali na mikeka ya sala na mahali pa kutawadhia, asipite kwenye foleni ya chakula, na bakuli lake la maji liwe lake, litoke naye nyumbani.

Sheikh mmoja tuliyemwendea alitukumbusha Watu wa Pangoni katika Sura ya Kahfi: mbwa wao ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Hawakumfukuza, na yeye hakuvuka. Huko Leicester, Uingereza, mwaka 2008, baraza la sheria za Kiislamu lilimruhusu kijana asiyeona aje msikitini na mbwa wake mwongozaji. Mbwa alitengewa mahali pa kupumzika penye kuingilia, si ndani ya ukumbi wa sala. Sisi tumeufuata mwendo huo kwa shughuli zenye sala ndani yake. Wakati wa sala mbwa anabaki kizingitini na mtu wa kumshika, na mwenyewe anasindikizwa mpaka kwenye safu.

Hoja ya pili ni kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huu, hadi asilimia 99, chanzo chake ni mbwa, na dalili zikishatokea hakuna anayepona kwa kawaida. Mtu aliyekulia mtaa wenye mbwa koko, akamwona jirani amefariki kwa kuumwa, hawezi kuambiwa "usiogope, huyu ni mzuri." Aoneshwe kadi. Kadi ya chanjo iliyotiwa muhuri na daktari wa mifugo, isiyozidi mwaka, ndiyo karatasi pekee ninayoitaka kamati iombe, tena iombe kwa simu kabla ya siku yenyewe. Vyeti na vizibao vya "mbwa msaidizi" vinavyouzwa kwenye intaneti havithibitishi lolote. Ikitokea mtu ameng'atwa au amekwaruzwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi.

Wapo pia wenye pumu inayoamshwa na manyoya. Hao ni wa kuketishwa upande wa pili wa turubai, upepo ukitokea kwao.

Maneno ya mlangoni

Askari na wakaribishaji wafundishwe maswali mawili tu, yaleyale ambayo sheria ya Marekani inayaruhusu, na nafikiri yanafaa hapa pia. "Karibu, mama. Huyu anakusaidia kwa sababu ya ulemavu?" Kisha, "Amefundishwa kukufanyia nini?" Basi. Asiulizwe ugonjwa wake, asiambiwe mbwa aoneshe anachojua. Ukiuliza mbele ya watu "unaumwa nini?", umemvua nguo.

Na wageni wengine nao waambiwe. Emsii wetu husema mwanzoni kabisa, kwa sauti ya kawaida, kwamba kuna mbwa aliye kazini, asiguswe, asiitwe, asitupiwe mfupa. Mfupa wa kuku unavunjika vipande vikali na unaweza kumchoma mbwa tumboni. Zaidi ya hapo, mbwa mwongozaji anayekodolea nyama ameacha kumwongoza mtu wake.

Mnyama yeyote anaweza kutolewa, awe wa kazi au wa faraja, akibweka mfululizo mwenyewe asimtulize, akitishia watu, au akichafua ukumbi. Anayetolewa ni mnyama; mtu anaulizwa kama angependa kubaki, na tunamtafutia wa kukaa naye.

Na yeye mbwa

Kamati nyingi zinamsahau. Mbwa anasikia sauti nyembamba za masafa ya juu, hadi zaidi ya maradufu ya tunayoyafikia sisi, kwa hiyo kumketisha karibu na spika ni kumtesa. Hatoki jasho kama sisi. Anapoa kwa kuhema, na saa saba mchana chini ya turubai la plastiki anaweza kuzidiwa na joto. Lami ikikuunguza kiganja inamuunguza naye nyayo. Kivuli, maji, na mtu wa kumtoa ajisaidie kila baada ya saa chache: gharama yake kwetu ilikuwa ndoo moja na mkeka wa zamani.

Mama yule alikuja kwenye mkutano wetu wa mwisho wa mwaka, Bombo. Mbwa wake ni wa kienyeji, wa kahawia, sikio moja limelala. Alikaa chini ya kiti, kidevu juu ya kandambili ya mama, akasinzia wakati mweka hazina anasoma hesabu. Kisha jenereta likapiga mlio kama risasi. Watu waligutuka. Mama alikakamaa, macho yamemtoka, na nikaona mkono wake unashuka polepole bila yeye kuangalia, mpaka ukalipata lile sikio. Mbwa alikuwa ameshanyanyuka na kumwegemea magotini. Wakakaa hivyo kwa dakika nzima. Halafu mama akauliza aliyekuwa jirani yake, mzee wa Kinubi ambaye kwenye kikao alipinga mbwa kuingia, "Amesema akiba imefika ngapi?" Mzee akamtajia, kisha akasogeza kiti chake kidogo, mbwa apate pa kunyoosha miguu.

Kadi za mwaka huu zimeshachapwa. Chini ya saa na mahali tumeongeza mstari: "Ukija na mnyama anayekusaidia, tupigie simu tukuandalie nafasi." Mama amekwisha kupiga. Ameuliza tu kama jenereta litakuwa lilelile, nasi tumekubaliana lihamishiwe nyuma ya ukuta.